Mjadala: Mkaguzi wa boti na bastola iliyofichwa kiunoni

MADA

Naomba tulijadili jambo hili bila kuumana. Mtu anayekuja kukagua usalama wa boti ya raia, ukaguzi wa kawaida wa kuhesabu jaketi za kuokolea na kuangalia injini, aruhusiwe kuwa na bastola aliyoificha ndani ya koti? Sizungumzii msako wa majangili au wavuvi wa nyavu haramu. Nazungumzia ukaguzi ambao nahodha amejulishwa mapema, boti imefungwa gatini, na mwenyewe amesimama pale na makaratasi yake mkononi.

Kwa wasiojua lilikoanzia: sisi wenye boti tunaoishi Nairobi hatuna tena maji ya karibu. Bwawa la Nairobi pale Lang'ata, lililojengwa miaka ya hamsini na ambalo zamani lilikuwa na mashua za tanga, limefunikwa na gugu maji na taka. Kwa hiyo tunateremka Mai Mahiu hadi Ziwa Naivasha. Likatoka pendekezo kwamba tuanze kukaguana wenyewe kwa hiari kabla ya sikukuu, na kati ya waliojitolea wamo wenye vyeti halali vya kumiliki bastola. Mmoja akauliza, je, siku ya ukaguzi niiache nyumbani? Wengi wakamwambia asiiache, ni haki yake. Mimi nasema aiache. Na hata afisa wa serikali, kama kazi yake inamlazimu kuwa na silaha, basi aibebe waziwazi juu ya sare.

Pendekezo lenyewe tumelitoa Marekani, kwa hiyo tuangalie wenzetu wamelipangaje. Kule yako makundi mawili, na watu wengi huyachanganya. Walinzi wa pwani wenyewe hupanda boti kwa mamlaka ya sheria, wamevaa sare, silaha inaonekana, na aghalabu swali lao la kwanza ni kama ndani kuna bunduki. Kando yao kuna wasaidizi wa kujitolea, Coast Guard Auxiliary, walioanzishwa mwaka 1939. Hawa hukagua bure. Wanaangalia jaketi, mtungi wa kuzimia moto, taa za usiku, fataki za kuomba msaada, namba za usajili. Boti ikifaulu wanaibandika stika, na ikifeli wanakuambia cha kurekebisha, hawakuandikii faini wala hawakushtaki. Na wakiwa kazini hawabebi bunduki. Hiyo ndiyo nchi yenye bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na bado yule anayekuja kuhesabu jaketi anakuja bila silaha. Sisi tukiuchukua utaratibu wao, tusiuache nyuma huo msingi wake.

Lakini sitaki hoja yangu isimamie Marekani. Tazameni kazi yenyewe inavyofanywa. Boti ya futi ishirini ya fibaglasi haina mahali pa kusimama kwa heshima. Mkaguzi anapiga magoti kuchungulia chini ya viti. Analala kifudifudi na kutia mkono kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika, ajue yanaingilia wapi. Ananusa kama tangi la petroli linavuja, anaukamua mpira wa mafuta, anajinyoosha hadi tezini, nyuma ya boti, kuzikaza skurubu zinazoishika injini. Koti linapanda mgongoni na kitako cha bastola kinachomoza. Ndani ya boti wamo mke wa nahodha na watoto wanaosubiri kupimwa jaketi, maana jaketi ya mtoto haipimwi kwa macho, lazima umvalishe na kuivuta mabegani uone kama inampanda usoni. Watu wale wakiiona bastola watafanya nini? Watahama. Watahamia upande mmoja, wote kwa mpigo, na yale maji ya ngama yatawafuata upande huohuo. Boti ndogo nyingi hupinduka hivyohivyo, kwenye maji tulivu kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia mtetezi wa bastola akilijibu. Mkaguzi mwenyewe anatakiwa avae jaketi. Akiivaa na kuifunga mikanda yote, bastola iliyo chini yake haifikii upesi. Akitaka aifikie, aache jaketi wazi, yeye ambaye amekuja kuwafundisha wengine waifunge. Achague moja.

Na sisi wa Nairobi tunajua zaidi ya watu wengi maana ya bunduki chini ya koti. Mtu asiye na sare akichomoa silaha barabarani, hujui ukimbie au uinue mikono, kwa sababu jambazi na askari wa kiraia wanafanana. Mwezi wa Agosti 2024 ilibidi Mahakama Kuu iwaamuru polisi wanaokabiliana na waandamanaji wavae sare na watambulike. Hofu hiyo tumeizoea mjini hadi tunaiona ya kawaida. Kwa nini tuipeleke ziwani kwa mikono yetu wenyewe?

Kinachoua watu majini tunakijua. Feri ya Mtongwe, kule Mombasa, ilizama Aprili 1994 na zaidi ya watu 270 wakafa, ilikuwa imezidisha abiria. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, Septemba 2018. Ilijengwa ibebe watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. Mkaguzi anayetaka kuzuia hayo anahitaji nahodha amwambie ukweli: kwamba injini huzima katikati ya ziwa, kwamba Jumapili hubeba watu kumi na wanne kwenye boti ya wanane, kwamba nusu ya jaketi zimeoza sponji. Maneno hayo hayatoki mbele ya mtu unayemwogopa. Anayeogopa hutoa noti, au huazima jaketi za jirani kwa nusu saa.

Karibuni.

MKAZI WA LANG'ATA, MWENYE CHETI CHA BASTOLA

Ndugu, nimekusoma hadi mwisho na kwenye jaketi umenibana. Mengine siyakubali.

Kwanza, unatuongelea wenye vyeti kama watu waliookota bunduki. Desemba 2018 serikali iliagiza kila raia mwenye silaha ahakikiwe upya ndani ya siku 90. Tulipanga foleni tukahojiwa, na wengine walinyang'anywa. Aliyebaki na cheti amepita kwenye chujio ambalo wewe hujapita.

Pili, unakumbuka magaidi walivyoshambulia jengo la maduka la Westgate, tarehe 21 Septemba 2013? Kati ya watu wa kwanza kuingia walikuwemo raia wenye bastola zao za leseni. Kuna watoto waliotoka mle ndani wakiwa hai kwa sababu mtu fulani hakuiacha nyumbani. Kila nikisikia "iache", namkumbuka huyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: niiache wapi? Natoka Nairobi alfajiri, narudi usiku. Niifungie kwenye gari niliegeshe Karagita, kando ya ziwa, mchana kutwa? Silaha ikiibwa kwenye gari langu, mimi ndiye wa kujibu. Bastola iliyo mwilini mwangu najua iliko.

MAMA WA SAMAKI, GIKOMBA

Mimi si mwenye boti ya starehe. Nauza samaki, na ndugu zangu wako Homa Bay na boti za kazi, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kule kwetu injini inaweza kuibwa usiku na nyavu zikaenda nayo. Wavuvi wamevamiwa katikati ya maji wakaachwa na kasia. Kwa hiyo doria yenye bunduki tunaitaka, na hata tunalalamika kwamba haitoshi. Anayefikiri watu wa ziwani wanachukia silaha hajalala ufuoni.

Ila mkaguzi ni kitu kingine. Mtoto wa dada yangu alifikiwa na mwanamume asiye na sare, akasema anakagua usalama. Hakuonyesha kitambulisho. Alilifungua koti kidogo tu, kama mtu anayetafuta kalamu, na chuma kikaonekana. Kijana akatoa pesa zote za mafuta. Boti ile haikukaguliwa hata ubao mmoja! Iliondoka vilevile na tundu lake lililozibwa kwa matambara na lami. Mpaka leo hatujui yule mtu alikuwa wa ofisi gani, au kama alikuwa wa ofisi yoyote.

Huyo mwenye cheti wa Lang'ata ni mtu mzuri, naamini. Lakini kijana wangu angewatofautishaje?

Na wewe mwenye mada, usitegemee sare peke yake. Sare inashonwa. Mkaguzi awe mtu ambaye watu wa ufuo ule wamejulishwa jina lake na viongozi wa BMU yao, kikundi cha kusimamia ufuo, kabla hajafika.

ASKARI MSTAAFU, UMOJA

Nimebeba silaha ya serikali kwa miaka mingi, nitasema machache.

Mwenye silaha ana kazi ya pili hata asipoitaka: kuilinda isinyakuliwe. Kwenye chumba unaegemea ukuta, na barabarani unarudi hatua mbili nyuma. Kwenye boti utarudi wapi? Ukilala kifudifudi kuangalia ngama, kiuno chako ni cha kila mtu. Sisi tulifundishwa tusiruhusu mtu asimame upande wa silaha. Boti ndogo haina upande ambao mtu hasimami.

La pili ni la kisheria. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa ajitambulishe na kutoa onyo la wazi kabla ya kutumia bunduki, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Hayo ni masharti kwa mtu aliyeapa na kufunzwa. Cheti cha raia kinampa silaha yake, hakimpi mamlaka juu ya boti ya mwenzake. Akipanda kama mkaguzi huku ameficha silaha, atakuwa nani pale ndani? Si afisa, na hatuwezi tena kumwita mgeni.

Kuhusu Westgate, mzee mwenzangu, nawaheshimu walioingia. Lakini kumbuka pia kilichoripotiwa siku ileile: afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wetu, vikosi vilipokosa kutambuana. Mambo yote mawili yalitokea katika jengo moja.

Kama mahali pana hatari, wapelekwe watu wawili. Mwenye sare na bunduki abaki gatini, macho nje. Mkaguzi apande na tochi.

MCHANGIAJI WA KASARANI

Swali fupi. Na mwenye boti akiwa ndiye mwenye bastola, je? Maana mkaguzi anapanda mikono mitupu halafu anaikuta kwenye kabati la injini.

MWENYE MADA

Asanteni. Nimeyasoma yote, na Mama wa Gikomba amenirekebishia pendekezo. Nilikuwa nimeshikilia sare, kumbe kwa boti za kazi jina linalojulikana ufuoni lina uzito zaidi. Naliongeza.

Kwa ndugu wa Lang'ata. Westgate siibezi, na sikuombi usiwe na bastola. Nakuomba usiwe mkaguzi siku uliyo nayo. Pale Westgate watu walikuwa wakiuawa, na wewe hukuwa umekwenda kumfunga mtoto wa mtu mikanda ya jaketi. Kuhusu mahali pa kuiacha, una haki kabisa, gari lililoegeshwa Karagita si mahali. Basi kama nyumbani kwako huna sanduku la chuma unaloliamini, siku hiyo njoo kama mwenye boti na ukaguzi umwachie mwingine. Kazi za kujitolea ni nyingi, hata kuandika orodha gatini ni kazi.

Hoja ya askari mstaafu ya kubaki gatini naichukua ilivyo. Nchi yetu tayari ina mgawanyo unaoiruhusu: Mamlaka ya Masuala ya Bahari, KMA, kazi yake ni usajili na usalama wa vyombo, na Walinzi wa Pwani, waliowekwa kwa sheria ya 2018, ndio wenye silaha na doria. Sisi wa hiari tusijifanye kundi la tatu lenye kidogo cha huku na kidogo cha kule.

Wa Kasarani, umeuliza lililokuwa limebaki. Mwenye boti aseme kabla mkaguzi hajakanyaga ubao, akiwa bado gatini, mikono inaonekana: ninayo, iko mahali fulani, nina cheti. Asiitoe kuionyesha, na mkaguzi asiombe kuiona. Mtu mzima wa familia ashuke akae mbali na hilo kabati, kisha kazi iendelee upande mwingine wa boti. Na kama imefichwa ikagunduliwa katikati ya ukaguzi, mkaguzi afunge daftari na kushuka bila ugomvi. Boti hiyo haipati stika, hata kama jaketi zake zote ni mpya.

Nimeiandika rasimu hivi, na kabla ya sikukuu nataka tuipigie kura ya ndiyo au hapana: mkaguzi wa hiari habebi silaha ya aina yoyote, jina lake linapelekwa kwa wasimamizi wa ufuo siku tatu kabla, anavaa jaketi iliyofungwa tangu anapoingia hadi anaposhuka. Mwenye cheti anayepinga kifungu cha kwanza aandike hapa atakavyoifikia bastola yake jaketi ikiwa imefungwa. Hilo bado halijajibiwa.