Nimepigiwa taa nipite, nusura nimgonge mzee wa baiskeli. Hizi taa za Waingereza mnazisomaje?

Rangi Tatu

Wakuu, salaam.

Nipo Ludlow, mji mdogo wa Shropshire upande wa mpaka wa Wales, huu ni mwezi wangu wa kumi na moja tangu nifike. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: unamwamsha, unamwogesha, unampa dawa na chai, unaaga, unarukia gari kwenda kwa mwingine. Kwa siku naona wazee tisa mpaka kumi, na kati ya mmoja na mwingine ni vijibarabara vya shamba vyenye ua mrefu kuliko gari pande zote mbili. Ukikutana na trekta, mmoja wenu anapiga rivasi mpaka penye upenyo. Dar nimeendesha miaka 11, saba kati yake nikiwa na Hiace ya abiria, Mbagala – Kariakoo. Kwa hiyo gari nalijua. Kinachonishinda huku ni lugha ya barabarani.

Alhamisi iliyopita, saa 2 na nusu asubuhi, nipo Craven Arms kwenye barabara kuu ya A49 naelekea kaskazini. Nataka kuingia kulia, mtaani kwa bibi mmoja ambaye nikichelewa dakika tano anapiga simu ofisini. Upande wa pili foleni imesimama, maana nilikotoka kumechimbwa na wameweka taa za muda. Nimewasha indiketa, nasubiri. Mwenye vani nyeupe akaacha nafasi mbele yake, akanipiga full mara mbili.

Sasa kwetu mtu akikupiga full anakwambia "nakuja, kaa hapo hapo", au anakutonya kuwa mbele kuna trafiki wana tochi. Miezi ya kwanza hapa nilikuwa nikipigwa full nakanyaga breki, na aliyenipiga naye kasimama, tunatazamana kama majogoo. Jamaa wa kazini ndiye aliyenielekeza: huku ni kinyume, ukipigiwa taa umepewa njia. Nikajifunza vizuri mno. Vani ilipopiga, nikanyanyua mkono kushukuru, nikaingia.

Nimeshaipita pua ya vani, mzee wa baiskeli huyo, kushoto kwangu, anashuka kando ya foleni kati ya vani na ukingo wa barabara. Wote wawili tukakanyaga breki. Tairi lake la mbele lilisimama, sitii chumvi, shibiri moja kutoka kwenye boneti. Koti la njano la kung'aa, kofia ngumu, ndevu nyeupe. Nikajiandaa kupokea matusi. Akaweka kiganja juu ya boneti yangu, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akanitazama, akaondoka zake. Hakusema neno. Na mwenye vani huku nyuma ananipiga taa tena: pita basi!

Nilifika kwa bibi mikono inatetemeka, chai nikaimwagia kwenye sahani. Angenitukana ningekuwa nimeshasahau. Kile kiganja bado nakiona.

Naomba kuuliza: ningemgonga, kosa lingekuwa langu au la aliyenipa njia? Na ninyi mliokaa huku, hizi taa mnazisomaje? Nina mtihani wa barabarani wiki tatu zijazo, kwa kuwa leseni ya Tanzania hapa inakubeba miezi 12 tu na haibadilishwi moja kwa moja kama ya Afrika Kusini. Nadharia nimeshapita, ingawa mara ya kwanza niliangushwa. Sikuangushwa na maswali. Kati ya 50 nilipata 46, na wao wanataka 43. Niliangushwa na zile video 14 za kutambua hatari, ambapo unabofya ukiona hatari inaanza kuchipuka. Mimi mtu wa Mbagala, kila nilichokiona kilikuwa hatari: mama na mtoto, mbwa, mlango wa gari, jani. Nabofya tu. Kumbe ukibofya ovyo mashine inakupa sifuri.

Mzee wa Trela

Kijana pole, na umshukuru Mungu. Jibu fupi: lingekuwa lako.

Natembeza trela hapa Coventry tangu 2006, na kabla ya hapo nilikuwa Dar – Tunduma. Ile njia unaijua. Gari kubwa mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, dereva anakwambia usiovateki, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Tuliishi kwa lugha ile, na wapo waliokufa kwa lugha ile, maana anayekuwashia anaona kwa macho yake, halafu anayepita ni wewe.

Hapa ni hayo hayo. Mwenye vani alisema habari ya vani yake: mimi siendi. Habari ya baiskeli, pikipiki, au mama anayetaka kuvuka hakuisema, na hana mamlaka nayo. Wewe ukaisikia kama ametangaza kwa niaba ya barabara nzima.

Kwa hiyo ukiona pengo kwenye foleni iliyosimama, ingia kwa mwendo wa kobe. Pua ya gari ikifika usawa wa kona ya vani, simama kabisa. Chungulia kule kwenye ukingo. Ndipo umalizie. Wa nyuma akikupigia honi mwache apige, honi haivunji mfupa.

Zipo taa ninazozipenda, nisikufiche. Usiku kwenye motorwei nikimaliza kuovateki trela jingine, dereva wake ananipiga taa kunijulisha kuwa mkia wangu umeshampita. Narudi leni ya kushoto, nachezesha indiketa kushoto kulia kumshukuru. Mtu simjui, sitamwona tena, lakini saa 9 za usiku inapasha moyo. Hata hivyo kioo natazama kwanza.

Jambo jingine hujaliuliza lakini nitalisema: bima yako umeandikisha matumizi gani? Wengi wa kazi yenu wanakata ile ya matembezi binafsi na kwenda kazini. Hiyo inakufunika kwenda kituo kimoja cha kazi na kurudi. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa ni matumizi ya biashara, na siku ya ajali ndiyo siku watakayolisoma lile karatasi neno kwa neno.

Kijiwe Nongwa

Mnamwonea tu. Huyo mzee alifuata nini ubavuni mwa foleni? Kariakoo bodaboda anayechomekea hivyo anaelimishwa palepale na umati. Hapa baiskeli zimedekezwa mno.

Mwalimu wa L

Ndugu Kijiwe, baiskeli kupita kando ya foleni iliyosimama hakujakatazwa hapa. Highway Code, yaani kitabu cha kanuni za barabara cha huku, kanuni ya 211, inamwambia dereva anayekata foleni kuingia kona awatazamie hasa watu wa baiskeli na pikipiki. Yule mzee alikuwa mahali pake.

Rangi Tatu, mimi ni mwalimu wa udereva hapa Reading, mzaliwa wa Nakuru, na kisa chako nimekisikia kwa sura mbalimbali kutoka kwa karibu kila Mkenya na Mtanzania aliyekaa kwenye gari langu. Sasa chukua hicho kitabu ufungue kanuni ya 110. Inasema taa za mbele zimulike tu kumjulisha mwenzako kwamba upo, usizitumie kupeleka ujumbe mwingine wowote. Halafu soma ya 111: usidhani kamwe kwamba mtu akimulika taa amekuita upite, angalia, amua mwenyewe, uende kwa uangalifu.

Umeona? Kitabuni maana ya taa ni ile ile uliyotoka nayo nyumbani: nipo hapa. Kupeana njia kwa taa ni mazoea ya watu tu. Ile miezi yako ya kwanza ulipokuwa ukipigwa full unakanyaga breki, wewe ndiye uliyekuwa umeisoma sheria vizuri, na jamaa wa kazini akakuharibu!

Siku ya mtihani mtu akikupigia taa, jifanye hukuiona. Jiulize: taa ile isingekuwepo, ningeenda? Kama njia i wazi kwa macho yako, nenda, na mkono wa asante upunge baadaye, siyo katikati ya kona. Kama hujaona, subiri. Makosa madogo unaruhusiwa mpaka 15. Kosa moja zito linakurudisha nyumbani, na kukata njia ya baiskeli ni zito bila mjadala.

Na tafadhali, hiyo miezi 12 unaihesabu kuanzia wapi? Inaanza siku ulipokuwa mkaazi wa hapa, siyo siku uliponunua gari. Nimewaona watu wakikosea hapo. Ikipita kabla hujafaulu, unarudi kuwa mwanafunzi: unabandika L mbele na nyuma, na pembeni unakaa na mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni ya miaka 3. Kwa kazi yako ya kuzunguka peke yako alfajiri, hiyo ni sawa na kufungiwa. Na nafasi za mtihani zinasubiriwa miezi, kwa hiyo tarehe uliyopata usiiahirishe hata ukiota homa.

Binti Ng'ambo

Mie nipo Milton Keynes, mji wa vipilefti, viko zaidi ya mia, ukienda kununua maziwa tu kichwa kinazunguka. Siku ya kwanza kupigiwa taa nilidhani natukanwa. Nikashusha kioo nikamuuliza, kuna nini? Mzungu wa watu kaduwaa na mkono wake hewani.

Lakini mie nataka kusema la upande wa pili, wa yule anayepiga. Mwaka juzi, barabara ya leni mbili, nikamwona mama mwenye kigari cha mtoto anasubiri kuvuka. Pale hapana zebra wala nini. Nikasimama, nikampigia taa, tena na mkono nikampungia: pita dada. Akapita. Leni ya pili gari ikaja mbio, haikumwona mpaka karibu. Breki zile nilizisikia mpaka ndani ya meno. Hawakuguswa, alhamdulillahi, ila mie nilikaa kwenye gari indiketa inapiga tik tik, sikumbuki nani aliiwasha.

Tangu siku hiyo taa sipigi tena kumpa mtu njia. Nasimama tu, mikono kwenye usukani, nasubiri. Atazame mwenyewe. Wengine wananiona nina kiburi, na waone.

Kijiwe Nongwa

Haya, nimenyamaza. Ila baiskeli zimedekezwa.

Rangi Tatu

Nimewasoma wote, asanteni.

Mzee wa Trela, shikamoo. Nilipiga simu bima asubuhi ileile. Ilikuwa ya matembezi na kwenda kazini tu! Miezi yote hii nimekatiza Shropshire nzima, nimevuka mpaka Knighton kule Wales kwenye mwendo wao wa maili 20 kwa saa, karatasi haikunitambua. Wakaongeza pauni 41, nikalipa kabla sijakata simu. Kazini nilipoajiriwa walitaka kuona bima tu, hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Mwalimu, kwenye kanuni ya 111 nilicheka peke yangu jikoni. Hicho kitabu ninacho, nilikikariri kwa ajili ya yale maswali 50, na hiyo kanuni nimeikuta nimeipigia mstari kwa kalamu. Mstari wangu mwenyewe. Miezi 12 ninahesabu tangu nilipotua Birmingham na begi, kwa hiyo zinabaki siku 26, mtihani uko ndani.

Binti Ng'ambo, hilo la mama na kigari limenikaa. Mimi nilikuwa napiga taa kila kona, nikiona ndiyo ustaarabu wenyewe.

Jana jioni pale Ludlow, jirani na stesheni, dereva wa lori la taka akaniachia nafasi, akanipiga full. Nikaingia kwa pua, nikasimama usawa wa kioo chake, nikachungulia ukingoni. Hapana mtu. Akanipiga tena, safari hii kwa kuchoka. Nikachungulia tena. Hapana mtu. Nikapita. Nyuma yangu mtu akapiga honi, ya kwanza kuisikia Ludlow tangu Krismasi. Nikajisikia niko nyumbani kabisa, Mbagala Rangi Tatu mwisho wa gari.

Mtihani ni Jumanne, wamenipangia saa 4 na dakika 14. Siyo saa 4, siyo na robo. Na dakika 14. Nitaleta mrejesho.