Ukoo wa Tabata: Suala la Gereji ya Idrisa

Shangazi Rehema, 18:12
Assalamu alaykum, wanafamilia. Nakumbusha tena suala la Idrisa kuacha kazi na kufungua gereji, kwa kuwa mwenye kiwanja cha Segerea anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na amesema hatamsubiri mtu baada ya Jumamosi. Kila nyumba itoe shilingi 150,000. Naomba kila mmoja ajibu hapa hapa, wala asinipigie simu pembeni.

Shangazi Rehema, 18:50
Ujumbe umesomwa na watu wengi. Mbona kimya?

Baba Mkubwa, 19:25
Waalaykumu salaam, Rehema. Sipingi ufundi, ila tuitazame vizuri kazi anayoiacha. Anayejiuzulu kwa hiari yake hapati fao la kukosa ajira la NSSF, kwani fao lile ni la aliyeachishwa. Mshahara ukikoma umekoma, na ana watoto wawili wanaosoma. Mama Nadia anasemaje?

Idrisa, 19:41
Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Mama Nadia ameridhia, na tumeweka akiba ya chakula na ada ya muhula mmoja. Nilisomea ufundi wa magari VETA Chang'ombe, lakini ofisini najaza fomu za mafuta na kugonga mihuri kwenye ripoti za magari ambayo siruhusiwi hata kuyafungua boneti. Jumamosi iliyopita jirani aliniletea Vitz iliyokuwa ikimisi, yaani injini ikikatakata, naye alikwisha kubadilishiwa plagi zote katika gereji mbili. Nilitoa koili, ile inayoipa plagi umeme, ya silinda ya pili nikaiweka kwenye ya tatu, na hitilafu ikahama pamoja nayo, ndipo tukajua kwamba plagi hazikuwa na kosa na kwamba alihitaji koili moja tu. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka: mwenye gari aujue ukweli kabla hajatoa fedha yake.

Juma wa Mwanza, 19:44
Basi aanze na gari la Baba Mdogo, ambalo kila Ijumaa husukumwa na msikiti mzima ndipo liwake.

Mwanaidi, 19:45
Kuzima huzima lenyewe, bila kusumbua mtu. 😂

Baba Mdogo, 19:52
Gari langu ni zima, shida ni betri.

Juma wa Mwanza, 19:53
Betri hiyo ni ya mwaka gani, Baba Mdogo?

Shangazi Rehema, 19:55
Tafadhali tusitoke kwenye mada. Nimeuliza habari ya fedha na hadi sasa hakuna aliyetaja hata shilingi.

Baba Mdogo, 20:10
Kwa kuwa umetaja fedha, Dada, kabla ya kuchanga ningependa kufahamu zile za Hiace ziliishia wapi, maana nazo zilichangwa katika kikundi hiki hiki kwa haraka hii hii, na aliyezipokea ni yule yule anayetaka kupokea hizi.

Shangazi Rehema, 20:12
Hayo niliyaeleza kwenye arobaini ya Mama, mbele ya watu.

Baba Mdogo, 20:13
Ulieleza nusu.

Mwanaidi, 20:31
Napendekeza kodi iende moja kwa moja kwa mwenye kiwanja na mkataba uandikwe kwa jina la Idrisa, kwani atauhitaji akienda TRA kuomba TIN ya biashara na halmashauri kuomba leseni. Idrisa, vifaa unavyo?

Idrisa, 20:36
Jeki na spana ninazo. Ninachokosa ni kompresa na mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Babu, 21:30
Nimesomewa yote. Idrisa asichangiwe kodi mahali ambapo hajulikani. Uani kwangu pana kivuli cha mwembe na geti pana, basi aanzie hapo bila kodi mpaka watu wa Tabata wamjue kwa kazi yake. Oili chafu aikinge kwenye dumu, isimwagwe chini hata tone. Habari ya Hiace nitaisikia kwa mdomo wa Rehema mwenyewe Jumapili, baada ya Adhuhuri, na nyote muwepo. Idrisa, barua ya kuacha kazi usiipeleke kwanza.

Baba Mkubwa, 21:34
Tumesikia, Baba.

Idrisa, 21:52
Shikamoo Babu. Nakushukuru sana kwa uwanja. Naomba radhi kwamba barua niliipeleka Jumatatu, na siku 28 za notisi tayari zinahesabika.

Shangazi Rehema, 22:05
Baba, nami nimekwisha kumlipa yule wa Segerea sehemu ya kodi kutoka mfukoni mwangu, kwa sababu barabara inapita mbele ya kiwanja chake, wakati kwako ni uchochoroni na mgeni hawezi kufika bila kuelekezwa. Nitampigia kesho niulize kama atairudisha.

Halima wa Tanga, 23:18
Samahanini, ndiyo kwanza natoka kazini. Nimeshaandaa 150,000 zangu. Nitume kwa namba ya nani?

Shangazi Rehema, 23:19
Nitumie mimi.

Baba Mdogo, 23:19
Halima, subiri Jumapili.