Tupeane uzoefu: mliosomea famasia, cheti au diploma, semeni mlivyopita

MwanaAmu_Dawani

Assalaam alaykum watu wa Amu (Lamu) na Malindi, na wengine wote hamjambo.

Juzi baada ya swala ya alasiri kijana mmoja alinifuata barazani, karatasi mkononi. Tangazo la chuo: cheti cha famasia, mwaka mmoja, "kazi ipo". Mamake ameshatoa bangili zake za dhahabu ziuzwe ili alipe karo ya mwanzo. Nikamuuliza, chuo hiki kimo kwenye orodha ya Bodi ya Famasia na Sumu? Hakuwa na habari kwamba kuna orodha. Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu si wa kwanza kuniletea karatasi kama ile.

Basi mliopita njia hii semeni, mlipofaulu na mlipoumia, ili hawa wanaotoka kidato cha nne wasiende kipofu.

Nianze mimi. Nilisoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, diploma ya miaka mitatu, mbali na nyumbani. Kenya hii, anayeruhusiwa kusimama kwenye kemisti akajiita mteknolojia wa dawa ni mwenye diploma kutoka chuo kilichoidhinishwa, akafanya mtihani wa Bodi, akaandikishwa. Aliye juu yake ni mfamasia wa digrii, miaka mitano ya chuo kikuu. Cheti cha mwaka mmoja hakimo kwenye ngazi hiyo. Nasema wazi kwa sababu matangazo hayasemi.

Kilichonishangaza masomoni ni kwamba kukariri majina ya dawa ndiko kulikuwa kwepesi. Sisi tuliopitia madrasa tumezoea kuhifadhi. Kazi ilikuwa hesabu, kemia, na kuweka dawa. Kuweka dawa! Nilidhani ni kupanga makopo kwenye rafu. Kumbe ni kujua kwamba inayokaribia kuisha muda hutoka kwanza hata kama imeingia jana, kwamba kila kopo linaloingia na kutoka lina mstari wake kwenye kadi, na kwamba chanjo na insulini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, si chini, si juu.

Nilipokuja atachimenti, yaani mazoezi ya kazi, kisiwani ndipo nikaelewa maana yake. Dawa zinashuka gari Mokowe, gati la upande wa bara, zinangoja boti, jua la kaskazi liko juu ya kichwa. Mtu wa bara hukaa na chumba cha dawa chenye upepo wake wa asili. Sisi huku umeme ukikatika mchana, unahesabu dakika.

Na kisa kimoja sikisahau. Mzee mvuvi alirudi na insulini yake, analalamika sukari haishuki na sindano anachoma kila siku. Nikamuuliza anaiweka wapi. "Kwenye barafu ya samaki, mwanangu, ipate baridi nzuri." Ilikuwa imeganda ikayeyuka, ikaganda tena. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikionekana maji safi. Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa tu "weka penye baridi". Tangu siku ile namwambia kila mgonjwa asiye na friji: iliyofunguliwa inakaa kwenye chungu cha udongo kilicholowa, kivulini, na usiiguzishe barafu. Ukifungua chupa, andika tarehe, baada ya wiki nne itupe.

Haya, wengine.

Bint_Barani

Mimi ni wa Malindi, na mimi ndiye huyo kijana wa barazani, ila miaka sita iliyopita.

Nilipata C kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kemia yangu ilikuwa nzuri. Nikaona bango njiani, chuo sitakitaja. Nilipouliza kama nitaweza kuajiriwa kwenye kemisti wakaniambia "wanafunzi wetu wote wameajiriwa". Nikaona hilo ni jibu. Halikuwa jibu. Mwaka mzima nilisoma, walimu wengine walikuwa wazuri wallahi, mmoja alinifundisha kusoma maandishi ya daktari mpaka leo nashukuru. Nilipomaliza nikaenda kuomba kazi, mwenye kemisti akaniuliza namba yangu ya Bodi. Namba gani?

Nililia mpaka nyumbani. Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa amekopa kwenye chama chao.

Miaka miwili nikawa muuzaji katika duka la mjomba. Baadaye nikaomba upya, safari hii kupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, nikaingia KMTC mwaka wa kwanza kama mtu asiyewahi kusoma chochote. Hawakupunguza hata muhula mmoja. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ulinisaidia, watu wengi hawajui kwamba unapatikana hata kwa diploma ya KMTC. Sasa nimemaliza na nimeandikishwa.

Dada na kaka mnaosoma hapa, msiulize chuo kama kinatambuliwa. Chuo hakiwezi kukuambia hapana. Iulizeni Bodi.

Kijana_wa_Langoni

Bi Barani pole sana, na hongera. Mimi sina mengi. Nilisoma diploma, nikaacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikarudi baada ya mwaka mmoja. Mnaoanguka katikati, andikeni barua ya kuahirisha masomo kabla hamjaondoka. Mimi niliandika, nafasi yangu ikanisubiri. Mwenzangu aliondoka kimya, akaambiwa aanze upya.

Ummu_Swalha

Nataka kusema juu ya kitu ambacho chuo kilinifundisha nusu, na dirisha la dawa likanifundisha nusu nyingine: namna ya kumwambia mtu.

Kwenye karatasi daktari huandika TDS, au 1x3, yaani mara tatu kwa siku. Chuoni unajifunza kwamba ni kila baada ya saa nane. Halafu unafika dirishani, unasema "kutwa mara tatu", kama tulivyosikia wakubwa wakisema. Lakini lisikilizeni neno lenyewe. Kutwa ni mchana mzima mpaka jua lizame. Mgonjwa anameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha usiku mzima mwili hauna dawa. Ametii ulichomwambia. Mimi siku hizi nasema saa: kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku. Narudia, kisha namwomba aniambie mwenyewe.

Na saa zenyewe ni mtego. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwenye bahasha ya dawa "8 – 8", nikikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa sababu chuoni tuliandika kwa saa za Kizungu. Bwana mmoja wa makamo akarudi amechoka, macho mekundu. Alikuwa akimeza saa nane mchana, kisha anaamka saa nane usiku kumeza tena. Wiki nzima. Dawa ilifanya kazi yake, ila nilimwomba radhi na nikabadilisha uandishi wangu siku ileile. Sasa nachora jua na mwezi.

Ramadhani ni somo lake peke yake, na sikumbuki kama tulipewa hata kipindi kimoja. Mgonjwa wa presha, wa kifafa, wa sukari, anakuja amefunga. Ukimwambia "kula mchana" atakuitikia kwa adabu na hatakula. Afadhali umuulize mapema, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama: unanuia kufunga? Kisha unaongea na daktari. Dawa ya mara moja inahamia futari au daku. Ya mara mbili, futari na daku. Ya mara tatu, unauliza kama ipo nyingine ya kufanya kazi ileile kwa mara moja au mbili. Na kuna ambao kufunga ni hatari kwao, huyo unampeleka kwa daktari akaambiwe vizuri, na tena kwa imamu wake kama hajaridhika. Si kazi yako kubadilisha dozi mwenyewe, lakini ni kazi yako kuuliza. Usipouliza, anajipangia mwenyewe na wewe hutajua.

Mwanafunzi_Mambrui

Shangazi Ummu Swalha nimeandika yote kwenye daftari. Swali langu ni la hesabu. Naogopa hesabu. Ni ngumu kiasi gani?

MwanaAmu_Dawani

Mwanangu, ni za darasa la saba, ila huruhusiwi kukosea. Mfano: mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hiyo ni 180. Sirapu ina miligramu 120 katika mililita 5. Basi unampa mililita ngapi?

Mwanafunzi_Mambrui

7 na nusu?

MwanaAmu_Dawani

Ndiyo. Kijiko cha dawa kimoja na nusu, si kijiko cha jikoni, maana cha jikoni kila nyumba kina ukubwa wake. Mpe mama bomba la sindano lisilo na sindano, mwoneshe mstari. Na umpime mtoto kwanza! Ukiambiwa "ana miaka miwili" hujajua uzito wake.

Dawa ya malaria nayo, ile ya AL (artemetha na lumefantrini), inakwenda kwa uzito. Mtu wa kilo 35 kwenda juu ni vidonge vinne, mara mbili, siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili ni baada ya saa nane kutoka ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mwambie ale na chakula chenye mafuta, wali wa nazi au maziwa, dawa inaingia mwilini vizuri. Atapata nafuu siku ya pili na atataka kuweka akiba vilivyobaki kwa homa ijayo. Hapo ndipo maneno yako yanahitajika.

Msafiri_Ohio

Mimi mzaliwa wa Shela, naishi Marekani mwaka wa tisa. Huku hadithi ni nyingine, msichanganye.

Hapa cheti kina maana. Nilisoma chuo cha jamii, chini ya mwaka, jioni baada ya kazi ya usafi. Baada yake nikafanya mtihani wa kitaifa wa PTCB, bodi inayotoa vyeti vya mafundi wa famasia. Maswali 90, ila 80 tu ndiyo yanahesabiwa, na hujui yapi. Muda wa kujibu ni saa 1 na dakika 50. Ukifaulu unaitwa fundi wa famasia mwenye cheti, na kila miaka miwili unakihuisha kwa masomo ya ziada. Juu ya hapo kila jimbo lina bodi yake na sheria zake.

Tofauti kubwa: fundi wa huku hamwelezi mgonjwa. Unahesabu, unabandika lebo, unapigana na bima kwenye simu, lakini mfamasia ndiye anayekagua na ndiye anayezungumza. Kwangu hiyo ilikuwa ngumu. Nilizoea Amu, mtu akifika dirishani anakuita "daktari" na anakueleza mpaka ugonjwa wa mama mkwe.

Mtihani ulinisumbua majina. Parasetamoli yetu huku ni asetaminofeni. Salbutamoli ya pumu inaitwa albuteroli. Adrenalini ni epinefrini. Nilijua dawa, sikujua ninavyoulizwa. Nilitengeneza kadi mia mbili, jina la kampuni mbele, jina la dawa nyuma, nikazisoma kwenye basi miezi minne.

Na anayefikiria kuja nacho nyumbani: cheti cha huku hakikuandikishi Kenya. Mimi mwenyewe nilitamani iwe hivyo.

Mke_wa_Tanga

Mzaliwa wa Malindi, nimeolewa Tanga. Kwa Tanzania cheti kipo na kinatambuliwa: unapanda ngazi ya 4, ya 5 ndiyo cheti cha ufundi, ya 6 diploma. Ukiishia ya 5 unafanya kazi kama msaidizi, chini ya mkubwa wako. Ndugu wa upande wa Kenya wanaovuka kuja kusoma, ulizeni kwanza Bodi ya Kenya, Nairobi, kabla ya kupanda basi.

Bint_Barani

Naomba niongeze moja, la majina yanayofanana. Kwenye atachimenti niliwahi kuchukua amitriptilini badala ya amlodipini. Moja ni ya huzuni na maumivu ya mishipa ya fahamu, nyingine ya presha. Zilikaa rafu moja, kwa herufi, makopo meupe yote mawili. Msimamizi wangu alinishika mkono kabla sijahesabu. Hakupiga kelele. Alinifanya nisome kopo mara tatu kwa sauti: ninapolitoa, ninapohesabu, ninapolirudisha. Mpaka leo nasoma hivyo, na wateja wananiona midomo ikicheza. Pia zile mbili nimezitenganisha, moja rafu ya juu, moja ya chini.

Kijana_wa_Barazani

Assalaam alaykum. Mimi ndiye mwenye ile karatasi. Ami alinitumia uzi huu nikausoma wote jana usiku, na mama nimemsomea.

Leo nimeangalia orodha ya Bodi. Kile chuo hakimo. Alama zangu ni C, kemia C+, biolojia C+. Bangili hazijauzwa, sonara alikuwa amesafiri. Je, nikingoja maombi ya KUCCPS yafunguliwe, kwa sasa nifanye nini nisikae bure?

MwanaAmu_Dawani

Alhamdulillahi. Mrudishie mama bangili zake mkononi. Jumatatu saa mbili asubuhi, saa mbili yetu, njoo dirishani kwangu. Nitakuombea ruhusa kwa mkubwa wa kitengo ukae nasi, utajifunza kujaza kadi na kupanga rafu. Dawa hutagusa. Na uje na daftari la hesabu.