Klachi ya Yamaha V-Max 1200: springi mbili, springi moja ngumu, au seti ya Barnett?

Mwenye mada
Wakuu, salaam. Nina Yamaha V-Max ya sentimita za ujazo 1,198, ile ya zamani yenye nguvu-farasi 145, na klachi yake imeanza kuteleza. Mjini tatizo halionekani. Linajitokeza nikiwa gia ya nne au ya tano, pale vipepeo vya V-Boost (mfumo wa kuipa injini hewa na mafuta zaidi kwenye mizunguko ya juu) vinapoanza kufunguka kwenye mizunguko 6,000 hivi kwa dakika: mshale wa mizunguko unaruka huku mwendo ukibaki palepale. Nimeelezwa njia tatu, yaani kubebanisha springi bapa mbili za asili (springi za umbo la sahani zinazobana sahani za klachi), kuweka springi moja bapa iliyo ngumu zaidi, au kufunga seti ya kampuni ya Barnett yenye sahani ya kukandamiza inayotumia springi za koili. Pikipiki hii ni ya safari ndefu, si ya mashindano. Ipi inafaa, na marekebisho yake yanafanywaje?

Mzee wa Spana
Ndugu, kabla hujatoa pesa, hakikisha kwamba klachi yenyewe ndiyo yenye kosa. Klachi ya V-Max inasukumwa kwa maji ya breki, na haina skrubu ya kurekebisha uchakavu wa sahani, kwa sababu maji hurudi yenyewe kwenye chupa kupitia tundu dogo lililo chini yake. Mkono wa klachi usio wa asili, ukiwa umeisukuma pistoni kidogo tu hata wakati hujaushika, huliziba tundu hilo. Injini ikipata moto maji yanatanuka, yanakosa njia, na klachi inaachia nusu bila wewe kujua. Fungua kifuniko cha chupa, funika rangi ya tangi kwa kitambaa, kisha bana mkono taratibu sana. Kijimkondo kikichomoza mwanzoni kabisa mwa mbano, tundu liko wazi. Tazama pia kopo la oili: kama halina alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha oili zinazofaa klachi za pikipiki), badilisha oili kwanza. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo ni adui wa klachi inayoogelea ndani ya oili.

V4_Pwani
Hayo yote ni sahihi, lakini mimi ningeweka springi mbili na kuimaliza kazi. Ni njia nafuu, haihitaji kuchonga kitu, na hata injini iliyoongezwa nguvu haitaishinda. Mkono unakuwa mgumu, sikatai, ila kidole huzoea.

Injinia Mstaafu
Kidole kitazoea, mkuu, lakini sili za silinda zitafanya kazi chini ya shinikizo kubwa zaidi kila unapobana, na ile silinda ya chini inayosukuma fimbo ya klachi ndiyo huanza kuvuja. Uwezo wa klachi hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: msuguano wa sahani, idadi ya nyuso zinazogusana, nguvu ya springi, na nusu-kipenyo cha wastani cha eneo linaloshika. Springi mbili huongeza kimoja tu, na hukiongeza takriban maradufu, wakati injini ya mwenye mada ni ya kawaida.

Kuna jambo ambalo halijatajwa. Sahani ya msuguano iliyo ndani kabisa kwenye klachi hii ina ukanda mwembamba wa kushika kuliko wenzake, kwa kuwa imeachiwa nafasi ya pete inayozuia mtetemo wakati wa kuondoka. Ukiitoa pamoja na pete yake na kuweka sahani kamili, unaongeza eneo la kushika bila kuugusa uzito wa mkono. Ningechanganya hilo na springi moja ngumu. Utahisi klachi ikishika kwa ghafla kidogo zaidi, basi.

Kuhusu Barnett, faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha springi za koili hadi upate ugumu unaokufaa. Hata hivyo, springi ya koili hulegea kadiri sahani zinavyopungua unene, ilhali springi bapa huweza kulinda nguvu yake kwa muda mrefu zaidi wa uchakavu huo. Kwa mtu wa safari ndefu, hilo lina uzito.

Kamba Fupi
Vipi zile klachi zenye vyuma vya uzito vinavyokandamiza sahani kadiri injini inavyozunguka?

Injinia Mstaafu
Ni za mashindano ya kukimbia mstari mmoja. Nguvu yake hupanda kwa mraba wa mzunguko, kwa hiyo kutoka 4,000 hadi 8,000 inakuwa mara nne. Kubadili gia kwa klachi ukiwa kwenye mizunguko ya juu ni shida tupu.

Mwenye mada
Nimeshawishika: sahani kamili na springi moja ngumu. Je, katika kufunga nizingatie nini?

Mzee wa Spana
Loweka sahani mpya za msuguano ndani ya oili usiku kucha. Zile za chuma zilaze moja moja juu ya kioo na upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) pembeni. Zenye madoa ya buluu au zilizopinda kupita kikomo cha kitabu zitupwe, maana springi ngumu hainyooshi chuma. Bolti za springi ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu, hivyo zikaze kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Kisha weka maji mapya ya breki ya DOT 4 na utoe upepo. Ukimaliza, injini ikiwa moto, jaribu kupata nyutro ukiwa umesimama. Ikikataa, au gia ya kwanza ikiingia kwa kishindo, usikimbilie kuifungua klachi. Mara nyingi upepo umejificha juu, kwenye bolti inayounganisha paipu na silinda ya usukani. Bana mkono, legeza bolti hiyo kidogo, ikaze tena kabla hujauachia, na urudie hadi mapovu yaishe.