Naomba ushauri: mafunjo ya ufukweni niyafyeke au niyaache?

Wakuu, habari za jioni. Nimerithi nyumba ya marehemu baba huku Luchelele, Mwanza. Ukitokea mlango wa nyuma, hatua kama themanini unakanyaga ziwa. Fundi anataka tufyeke mafunjo na matete yote, tumwage kokoto, mtumbwi wangu wa mashine upate pa kuegesha. Lakini maji hapa yamegeuka kijani, yananuka, na wanangu walioogelea wanawashwa. Naogopa kuharibu zaidi. Nielekezeni.

*Mama Dagaa:*
Mdogo wangu, usiyaguse! Milima yetu ya mawe hainywi maji. Mvua ikipiga, udongo na uchafu wote vinashuka kwako, na mafunjo ndiyo yanayouzuia. Vifaranga vya sato navyo vinajificha humo visiliwe. Jirani yangu alifyeka, sasa kila masika mawimbi yanakula ukuta wake. Kata kinjia kimoja tu, upana wa mtumbwi, tena kiende mshazari. Kikinyooka kutoka uani kinageuka mfereji.

*Kijana wa Igombe:*
Mnamtisha bure. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 69,000, choo cha nyumba moja kitalifanya nini?

*Mwalimu Bayo:*
Kijana, yeye haishi katikati ya ziwa, anaishi ghubani, maji mafupi yasiyokimbia. Ziwa lote lina mlango mmoja wa kutokea, kule Jinja. Ule ukijani ni mwani, na unalishwa na vinyesi, mbolea na sabuni, chakula kilekile cha magugu maji. Mkuu, anza na choo: kama shimo linajaa maji ziwa likipanda, lihamishie upande wa barabarani. Nguo zifuliwe juu, maji yamwagwe kwenye migomba. Na hizo hatua themanini zipime kwa futi kamba. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni za kulinda ziwa, kwa hiyo kabla ya kokoto muone afisa mazingira. Watoto wapeleke zahanati leo. Inaweza kuwa mwani, inaweza kuwa kichocho.

*Nahodha:*
Upande wa mashine: kama ni stroki mbili, usizidishe oili kwenye petroli, sehemu yake inatoka bila kuungua na kuingia majini. Jaza mafuta nchi kavu, kwa faneli. Maji yenye mafuta ndani ya mtumbwi usiyakumbe ziwani, yanyonye kwanza kwa matambara. Ukikaribia ukingo punguza mwendo. Ukihama mwalo, safisha propela, maana kipande kidogo cha gugumaji kinatosha kuota kwingine.

*Mleta uzi:*
Asanteni sana. Watoto wamepimwa, tunasubiri majibu. Nimepima pia: nyumba iko mita 58, choo mita 41. Fundi nimemsimamisha. Mama Dagaa, hicho kinjia nikikate sasa au baada ya mvua?

*Mama Dagaa:*
Baada ya mvua, mwanangu. Sasa hivi vifaranga bado vidogo.