Naandika riwaya ya sherifu mwanamke wa porini Texas, nimekwama sura ya 9, naombeni ushauri

Dereva_wa_302: Habari zenu wakuu. Mi ni dereva wa lori huku Texas magharibi, nabeba maji machafu yanayotoka visima vya mafuta, kazi yenyewe nusu ni kukaa foleni masaa kwa hiyo nikaanza kuandika riwaya kwenye simu, ya Kiswahili. Kaunti nimeitunga ila nimeiga Loving County ninayopita kwenye barabara ya 302, eneo lake kubwa kuliko kisiwa cha Unguja halafu sensa ya 2020 ilikuta watu 64. Sitini na nne! Karibu basi moja la mkoani linawabeba wote.

Stori: mzee mwenye ranchi anakutwa amekufa ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, kila mtu anasema kateleza, sherifu mwanamama, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, anakataa. Mpaka hapo fresh. Shida nimemtumia wife yuko Tanga, akaniuliza sasa matajiri wote wanamchukia huyu mama, mbona bosi wake hamhamishi? Nikakosa jibu. Na neno sherifu akalisoma sharifu, akadhani ni mama wa ukoo wa Mtume kavaa bastola 😂 Nikabadilisha nikaandika OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ikawa mbaya zaidi. Nifanyeje? Na muuaji mwenyewe bado sijampata.

Binti_Pangani: Nimecheka mpaka chai imemwagika. Kaka, rudisha sherifu, wala usiliogope, tena weka mhusika mmoja alikosee hilo neno tukucheke wewe kabla hatujaanza kulalamika. Ila OCD futa leo leo. OCD ana RPC, kamanda wa mkoa, juu yake, akileta ubishi barua inakuja anahamia Katavi, riwaya imeisha.

Mwas254: Sisi Wakenya kaunti tunazo 47 so hilo halitusumbui 😄 lakini sikiza bro, jibu la swali la mkeo ndio stori yenyewe. Sherifu huko anapigiwa kura, Texas ni kila miaka minne, hana bosi wa kumtransfer. Imagine OCS wako amesimama kwa debe anaomba kura kwa watu anaowachunguza! Na watu ni 64, toa watoto, hao wamebaki ndio wapiga kura na ndio hao hao washukiwa, akimshika mmoja amepoteza ukoo mzima na uchaguzi ni Novemba. Mimi ningeanza sura ya kwanza na mabango ya kampeni kwa fence ya marehemu.

Dereva_wa_302: Mwas we noma. Sikuwahi kuliona hivyo na mabango yenyewe napita nayaona.

Mzee_Kobe: Kijana, nimeishi huko kabla hujapata leseni. Mambo mawili. Kwanza usimfanye huyo mama kama kioja cha kwanza duniani. Emma Banister alishika usherifu wa Coleman County mwaka 1918 mumewe alipofariki akiwa sherifu, akamalizia muda wake, walipotaka kumweka kwenye karatasi ya kura akakataa akarudi nyumbani. Na hiyo hiyo Loving yako, Edna Dewees aliteuliwa Januari 1945 kisha akashinda uchaguzi, habebi bunduki, na muda wake wote alikamata watu wawili tu. Sasa wewe umempa wako bastola ngapi?

Pili, nani kasema mzee kateleza? Kaunti ndogo za Texas hazina daktari wa serikali wa kuchunguza maiti, kazi hiyo ni ya hakimu wa amani, naye anachaguliwa kwa kura vile vile na si lazima awe amesomea udaktari wala sheria. Yeye ndiye anayeamua maiti ipelekwe mji mwingine kupasuliwa au izikwe tu. Hapo mwovu wako ana mlango wazi kabisa.

Dereva_wa_302: Bastola mbili, mzee wangu. Napunguza moja.

Chalii_wa_Moshi: mi naona Wazungu watupu humo, mbona hakuna Mbongo hata mmoja, dereva wa lori ndo ashtukie mchezo amalize kesi

Binti_Pangani: Chalii hapana! Umeshamnyang'anya mama wa watu riwaya yake. Dereva awepo, aone kitu usiku akiwa foleni, aogope kusema kwa sababu ya makaratasi yake. Basi. Na sababu ya kuua je?

Dereva_wa_302: Hiyo ninayo. Huku ardhi ya juu inaweza kuwa ya mtu mmoja na mafuta ya chini yakawa ya mwingine kabisa, sio kama kwetu madini ni mali ya umma. Mzee alikuwa na nyasi na vumbi, cheki za mafuta zinaenda kwa binamu yake, na siku za mwisho alianza kuchimbua hati za babu yao kwa karani wa kaunti.

Mwas254: Karani ndio anaweka hati? Na ndio anasimamia kura pia kwa kaunti ndogo?

Dereva_wa_302: Ndio, mtu huyo huyo.

Mwas254: 👀

Dereva_wa_302: Nimemsomea wife yote haya kwa simu. Anasema muuaji ni karani, alimjua tangu sura ya 2 alipomletea sherifu keki msibani, alikuwa ananisubiri mimi tu. Lori langu limeitwa, nafuta sura ya 9 nikishamwaga maji.