Niliacha chuo mwaka wa pili, nirudi wapi?

Binti Ujiji: Shikamooni wakubwa. Niliacha digrii ya ualimu Mwanza baba alipofariki, ada ikakosa mlipaji. Sasa nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, Mei hadi Agosti, mikono mitupu, ndipo nikaanza kuwaza darasa. Mwaka wa kwanza nilifaulu yote. Nirudi kulekule, nihamie chuo cha AMUCTA Tabora, au Chuo Kikuu Huria hapahapa Kigoma? Mtoto analelewa na mama, na kodi ya chumba Mwanza sitaki hata kuisikia.

Fundi Reli: Mdogo wangu, uliaga? Aliyeahirisha kwa barua na aliyetoweka hawapokelewi sawa.

Mama Wawili, Tabora: Marahaba mwanangu. Huria nimesoma mimi, nikiwa na duka. Ubaya wake ni upweke: unasoma usiku, hakuna wa kukusukuma, na wengi wanaishia njiani. Ila wewe kilichokutoa ni fedha, si uvivu. Chukua nakala rasmi ya matokeo pamoja na maelezo ya kila somo, maana chuo kipya ndicho kinachoamua somo lipi kilitambue na lipi urudie. Usilipe ada kabla hawajakujibu kwa maandishi! Na kama ulikopa Bodi ya Mikopo, deni halikufa ulipoacha.

Fundi Reli: Hapo kwenye maandishi, sikiliza sana.

Binti Ujiji: Barua ya kuahirisha ninayo, ina muhuri. Mkopo sikupata. Asanteni, Jumatatu nikitoka mwaloni napita Huria kuuliza.